Viza ya Marekani ilivyoijenga India

Juzi nimetoka kufundisha hapa Malindi, nashuka kuelekea baharini na mwanafunzi wangu mmoja, akaniuliza, "Mwalimu, nikinyimwa viza ya Marekani, miaka yote hii ya kusoma si itakuwa imekwenda bure?" Nilimjibu kidogo palepale lakini swali halikunitoka, manake mimi natengeneza programu za wateja wa nje, na hiyo biashara India waliikuza kwa swali hilohilo.

Viza yenyewe ni H-1B, ya wageni wanaoajiriwa Marekani kwa kazi za utaalamu kama kompyuta. Sheria yake ilitungwa Marekani mwaka 1990, kikomo viza 65,000 kwa mwaka. Kompyuta zilipohitaji kurekebishwa zisikosee tarehe mwaka 2000 ukiingia, mafundi hawakutosha, wakapandisha kikomo kikafika 115,000, halafu 195,000 kuanzia 2001 hadi 2003, 2004 kikarudi 65,000.

Sasa tazama kule India. Kijana anaona wa jirani kaenda, analipwa mshahara ambao nyumbani hauonekani, naye anakwenda kusoma kompyuta, na wa tatu na wa nne hivyohivyo, vyuo vikajaa. Lakini viza ni chache, maombi yakizidi inachezwa bahati nasibu, kwa hiyo wengi waliosoma ili waende walibaki nyumbani, na ujuzi wakabaki nao, yaani kampuni za programu za huko India, miji ya Bangalore na Hyderabad, zilikuta mafundi wako mlangoni tayari. Hata waliokwenda, viza ni miaka mitatu, ikiongezwa inafika sita, ambaye hajaanza safari ya makazi ya kudumu anarudi, na anarudi amemjua mteja wa Kimarekani, anataka nini, anakasirishwa na nini, nani wa kupigiwa simu. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kampuni kubwa za programu za India kama Infosys na TCS ziliweka watu wachache kwa mteja, kazi nyingi ikafanyika India wakati Marekani wamelala.

Sisemi viza peke yake ilitosha, vyuo vya uhandisi walikuwa navyo zamani na Kiingereza pia. Na kutegemea mlango wa mwenzio kuna hatari yake, Septemba 2025 Marekani ilipotangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, hisa za kampuni za programu za India zilishuka soko lilipofunguliwa tu.

Kwetu nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zimefika Mombasa tangu 2009, vijana wanaojua kazi wapo, nawaona kila siku. Tunachokosa ni hao waliokwenda wakarudi na wateja. Kwa hiyo kama umefanya kazi ya programu nje na sasa uko huku pwani, Lamu, Kilifi, popote, tafadhali njoo Jumamosi moja uongee na wanafunzi wangu, uwaeleze ulimpataje mteja wa kwanza na mliandikiana vipi, manake hilo halimo kwenye somo lolote.