Je, wajua kwa nini rekodi ya Jerry Rice haijakaribiwa na yeyote?

Jerry Rice alistaafu futiboli ya Kimarekani akiwa amekusanya yadi 22,895 za kupokea mpira katika ligi ya NFL. Anayemfuata, Larry Fitzgerald, aliishia 17,492. Pengo ni yadi 5,403, na wapo wapokeaji wazuri tu ambao hawafikishi idadi hiyo maisha yao yote ya uchezaji.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: mrushaji, yaani kwotabeki, humtupia mpira mpokeaji aliyemponyoka beki wake. Umbali kuanzia mstari wa kuanzia mchezo hadi pale mpokeaji alipoangushwa ndio huandikwa kwenye jina lake. Yadi ni pungufu kidogo ya mita, kwa hiyo jumla ya Rice ni kama kilomita 21, karibu nusu marathoni nzima, huku watu wakimkaba njia yote.

Na kasi yake haikuwa ya kutisha. Mwaka 1985, alipotoka Mississippi Valley State, chuo kidogo cha kusini mwa Marekani, muda wake wa mbio za yadi 40 uliwatia shaka wengi. Timu za NFL zilipochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, wapokeaji wawili walichaguliwa kabla yake, kisha timu ya 49ers ya San Francisco, chini ya kocha Bill Walsh, ikamchukua akiwa mchezaji wa 16. Walsh alihitaji mtu wa kufika mahali fulani kwa wakati fulani bila kukosea, kwa sababu mfumo wake ulitegemea pasi fupi za haraka.

Chukua mkimbio wa mshazari, uliompa Rice yadi nyingi. Mpokeaji anatoka moja kwa moja hatua tatu, anakita mguu wa nje, kisha anakata kuelekea katikati ya uwanja. Kwotabeki hangoji amwone yuko peke yake. Anaurusha mpira mkato ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Hapo ndipo wengi huharibu. Anayepunguza mwendo kabla ya kukata, au anayeinua kifua, huwa amemwambia beki kila kitu. Anayekata kwa kuzunguka badala ya kukita humpa beki nafasi ya kupenya mbele yake na kuudaka mpira. Rice alianza mikimbio yake yote kwa mwili na mwendo uleule, beki akabaki kubahatisha. Tena aliupokea mpira akiwa anakimbia, bila kusimama, hivyo pasi ya yadi 8 iliweza kuzaa 40 au zaidi.

Mikono nayo ina kanuni zake. Mpira ukija juu ya kiuno, vidole gumba hukutana. Ukija chini, hukutana vidole vidogo. Macho huufuata mpaka uingie kwapani. Katika msimu wake wa kwanza Rice aliangusha mipira mingi, na hilo huwapata sana wapokeaji wanaotazama pa kukimbilia kabla hawajaushika mpira sawasawa. Msimu huo alipata yadi 927. Uliofuata, 1,570. Mwaka 1987, katika mechi 12 tu kwa sababu ya mgomo wa wachezaji, alipokea pasi 22 za kufunga.

Lakini kwangu jibu kubwa zaidi ni kwamba alikuwepo. Misimu 20, mechi 303. Mazoezini, kila alipopokea mpira alikimbia nao hadi mstari wa goli, hata kama zoezi lilikuwa la pasi fupi. Nje ya msimu alipanda mbio kilima kimoja huko San Carlos, California, njia ya karibu kilomita 4. Mwaka 1997 kano ya goti lake ilikatika katika mechi ya kwanza ya msimu. Alirudi Desemba mwaka huohuo, mapema mno, akafunga, na katika tukio hilohilo mfupa wa mbele ya goti, yaani pia, ukapasuka. Baada ya hapo alicheza misimu saba zaidi. Mwaka 2002, aliotimiza miaka 40, alipokea mpira mara 92 kwa yadi 1,211 akiwa na Raiders wa Oakland, wakafika Super Bowl, fainali ya NFL.

Siku hizi pasi zimeongezeka, sheria zinambana beki kuliko zamani, na tangu 2021 msimu una mechi 17 badala ya 16. Hata hivyo, piga hesabu: mpokeaji atakayepata yadi 1,500 kila msimu, kuanzia umri wa miaka 22 hadi 36 bila kukosa hata mmoja, atastaafu akiwa na 22,500. Atakuwa bado nyuma ya Rice kwa yadi 395.