Usisubiri mpaka maji yakwame: utafiti wa saratani ya umio

Wagonjwa wengi wa saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hutusimulia mambo yaleyale. Nyama ilianza kukwama, wakaacha nyama. Ukafuata ugali, wakahamia kwenye uji na mtori. Wanapofika kwetu hospitalini hata maji yanarudi, mkanda umeongezwa matundu, na mfukoni kuna vidonge vya vidonda vya tumbo walivyonunua duka la dawa.

Umio hutanuka. Uvimbe unaweza kukua humo kimyakimya huku chakula kikiendelea kupita, na kinapoanza kugoma, njia imeshazibwa sana. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kuukuta ugonjwa kwa watu ambao bado hawasikii chochote, hasa katika ukanda huu wa Ethiopia hadi Afrika Kusini unaoathirika vibaya. Kwetu inatawala aina ya seli bapa, yaani inayoanzia kwenye seli zinazotanda ukuta wa ndani wa umio. Ile ya tezi, inayohusishwa na kilungulia cha miaka mingi, ndiyo nyingi zaidi Marekani na Uingereza, kwa hiyo usijihesabu salama kwa sababu tu huna kilungulia.

Bomet, Kenya, madaktari wa Hospitali ya Tenwek waliwapima kwa kamera inayoshushwa kooni watu 305 wasio na dalili yoyote. Umio hupuliziwa iodini: seli zenye afya zina akiba ya wanga, hivyo huinywa na kugeuka kahawia, zilizoanza kuharibika hubaki na rangi hafifu, na hapo ndipo kinyama huchukuliwa kwenda maabara. Takriban mtu 1 kati ya 7 alikutwa na mabadiliko yanayoweza kutangulia saratani, mengi yakiwa ya hatua ya chini. Kamera, hata hivyo, ni ghali na wataalamu ni wachache. Kilimanjaro kimejaribiwa kidonge chenye uzi: unakimeza, kinafunguka tumboni kuwa sifongo, kisha kinavutwa kikiwa kimekwangua seli za umio. Hakipendezi kukisikia kooni, lakini hakihitaji chumba cha upasuaji.

Kwenye tiba, jaribio lililobadilisha mambo ni CROSS la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2012. Waliopewa kemo (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi kwanza, ndipo wakapasuliwa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Kwa waliopasuliwa tu ilikuwa miezi 24. Wenye aina ya seli bapa, aina yetu, walinufaika mno: karibu nusu yao hawakukutwa na seli hai za saratani baada ya upasuaji. Lakini wote walioingia kwenye jaribio hilo walikuwa na ugonjwa ambao bado ulikuwa unaweza kupasuliwa. Wengi wanaofika kwetu wameshavuka hapo.

Hao huwekewa stenti, bomba la waya linalojitanua lenyewe, ili wameze tena vyakula laini. Ni msaada mkubwa, ila haiondoi saratani, na familia inastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla haijauza shamba kutafuta fedha.

Chakula kikianza kukukwama mara kwa mara, omba kipimo cha kamera. Mweleze daktari ni chakula gani, na kinakwamia wapi. Ukisema tu kwamba tumbo linasumbua, utarudi nyumbani na dawa za vidonda.