Paa bapa: maneno ya mtaani na yanayotokea juu ya slabu

Pita Milimani au upande wa Riat, Kisumu, uone nyumba mpya zisizoonyesha paa. Kuta zimepandishwa, juu pamenyooka, na wengi huamini zote zimemwagwa slabu. Sivyo. Nyingi zina mabati ya mteremko mdogo yaliyofichwa nyuma ya ukuta, yakimwaga maji kwenye gata ya zege. Nyumba ya namna hiyo ikivuja, kagua gata kwanza kabla ya kulaumu mabati.

"Paa bapa lazima livuje."

Linalovuja ni lile lililomwagwa bapa kwelikweli. Paa hili linatakiwa liwe na mteremko, ila mdogo kiasi kwamba ukiwa chini huuoni. Viwango vya Uingereza vinataka mchoro uonyeshe 1 kwa 40, ili hata fundi akiteleza kidogo usipungue 1 kwa 80, yaani milimita 12.5 kwa kila mita. Kazi hiyo hufanywa na skridi, tabaka la saruji na mchanga juu ya slabu, na ndiyo hurukwa pesa zikianza kuisha. Matokeo yake ni dimbwi. Maji ya kina cha sentimita 5 kwenye mita za mraba 100 ni tani 5 zimekalia nyumba yako.

"Zege likitiwa dawa ya kuzuia maji, inatosha."

Dawa hupunguza vitundu ndani ya zege; ufa haiuzuii. Slabu ya mita 20 ikipata joto nyuzi 30 zaidi hurefuka kama milimita 6, kisha ikipoa hurudi. Kisumu jua la mchana huioka, halafu jioni mvua ya radi huipoza ghafla. Juu yake panatakiwa kitu kinachonyumbuka, yaani utando: tabaka jembamba lisilopitisha maji.

"Utando ghali ndio hudumu."

Hapa ndipo wauzaji hutuchanganya, maana kila utando una adui wake.

Utando wa lami, ule unaochomwa kwa mtungi wa gesi, huchoshwa na jua. Usipokuwa na chembe za mawe usoni, upakwe rangi ya fedha, na rangi hiyo irudiwe kila inapochakaa. Mpira mweusi wa EPDM, uliotumika kwenye mapaa ya Marekani tangu miaka ya 1960, huvumilia jua vizuri sana, lakini mafuta huuharibu. Hoteli inayokaanga samaki kutwa, bomba la moshi likitokea juu ya paa, isiuweke karibu na bomba hilo. Hapo PVC, utando wa plastiki, hustahimili zaidi. PVC nayo isilazwe moja kwa moja juu ya lami kuukuu, kwani itapoteza ulaini wake na kukakamaa. TPO, plastiki nyingine, nyeupe kama PVC, hurudisha sehemu kubwa ya jua, na viungo vya hizi mbili huyeyushwa kwa hewa ya moto vikashikana. Dawa za kupaka hazina viungo, ila uimara wake ni unene, na fundi mwenye ndoo moja ataivuta ifike popote.

Kwa nyumba ya kupangisha, mimi ningechukua lami tabaka mbili. Si kwamba inaishinda EPDM kwa umri. Ni kwamba ikichanika, fundi wa kuichoma hupatikana kwa urahisi, ilhali utando usio na fundi karibu utabaki na tundu lake msimu mzima.

"Likivuja, ongeza tabaka juu."

Maji yaliyonaswa chini yatapata joto, yawe mvuke na kuinua tabaka jipya kama malengelenge. Kata uone kama chini pamekauka.

"Tone liko sebuleni, basi tundu liko juu ya sebule."

Maji husafiri chini ya utando kabla ya kupata ufa wa kushukia. Anzia pembeni: kwenye kona, mabomba, miguu ya tangi, na pale fundi wa dishi alipopiga skrubu zake. Tazama pia kama utando umepanda ukutani angalau milimita 150 juu ya paa lililokamilika.

Kabla ya malipo ya mwisho, mwambie fundi azibe matundu ya kutolea maji na ajaze maji kwa saa 24, mradi injinia amekubali uzito huo. Kisha ingia ndani ukague dari, kona baada ya kona, yeye akiwepo.