Je, Wajua Kwa Nini Kiti cha Magurudumu ni Chepesi Koridoni na Kizito Mchangani?

Ukimsukuma mgonjwa kwenye korido ya hospitali, mkono mmoja unatosha. Mtoe nje mgonjwa huyohuyo, kwenye kiti kilekile, mpite njia ya mchanga kwenda barabarani, na hujafika mbali shati limelowa. Mgonjwa hajaongezeka uzito. Kilichobadilika ni ardhi.

Chukua mtu wa kilo 70 na kiti cha kilo 18, jumla kilo 88. Sakafuni kilo zote hizo zinabebwa na magurudumu. Wewe unashindana na ubishi mdogo tu wa matairi, na yakiwa yamejaa upepo vizuri, nguvu unayotumia ni kama ya kunyanyua mfuko wa sukari wa kilo moja au mbili.

Njia ikianza kupanda, sehemu ya uzito inaanza kukurudisha nyuma. Njia za viti kwenye majengo mara nyingi hujengwa kwa kipimo cha 1 kwa 12, yaani kila sentimita 12 za kwenda mbele unapanda 1. Kwa macho ni mwinuko mdogo. Kwa kilo 88, hata hivyo, umeongezewa mzigo wa kilo 7 hivi, na huna ruhusa ya kuutua katikati. Wakati wa kushuka, mzigo uleule unakuvuta mbele. Ndiyo maana penye mteremko mkali msukumaji hushuka kinyumenyume, yeye akitangulia chini, kiti kikimfuata.

Mchanga ndio mtihani wenyewe, na siri iko kwenye vile vigurudumu vya mbele. Gurudumu la nyuma lina kipenyo cha sentimita 60 hivi. La mbele mara nyingi halizidi 20. Dogo linazama, linajirundikia kilima mbele yake, kisha linatakiwa kukipanda, tena na tena. Nasi tunazidisha taabu: mikono iko juu, magurudumu yako chini, kwa hiyo kila tukisukuma kwa nguvu tunaikandamiza mbele ya kiti izame zaidi.

Bibi yangu ndiye aliyenifundisha dawa yake. Tulikuwa tumekwama karibu na kisima, nahema, naye akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, geuza kiti, univute." Nikageuza. Magurudumu makubwa yakatangulia, na kule kuvuta kukawa kunavipunguzia vidogo uzito badala ya kuvikandamiza. Tulifika. Yeye alikuwa ameishi na kile kiti miaka mingi kuliko mimi niliyekishika. Aliyekaa ndiye aulizwe kwanza.

Kizingiti nacho kina hesabu yake. Kigurudumu cha sentimita 20 kikigonga ukingo wa sentimita 5, kukipandisha kwa kusukuma tu kunahitaji nguvu inayozidi uzito kinaoubeba, na ukikilazimisha kwa kasi aliyekaa anaweza kurushwa mbele. Mwambie kwanza kwamba unainua, kanyaga kile chuma kinachochomoza nyuma chini, vuta mishikio kuelekea kwako, mbele inyanyuke, ndipo upande.

Na kabla ya kutoka nyumbani, bonyeza tairi la upepo kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, lijaze kwanza, maana tairi legelege linakula nguvu zako hata kwenye lami.