Kett, kiongozi wa wakulima walioasi Uingereza 1549, alivyobomoa ua wa shamba lake mwenyewe

Nikifundisha Uingereza ya karne ya 16 wanafunzi wanataka tuanze na Henry VIII na wake zake sita, mimi naanza na karatasi. Wakulima wengi hawakuwa na umiliki kamili wa ardhi, walikuwa na nakala tu, yaani jina na masharti ya mtu yanaandikwa kwenye daftari la baraza la lodi, yule bwana mwenye ardhi, yeye anapewa nakala ya maandishi hayo na hiyo ndo kinga yake. Sasa bei za vitu zikapanda karibu karne nzima, na kodi ya mwaka mara nyingi ilikuwa imefungwa na desturi, kwa hiyo mwenye masharti mazuri na ziada ya nafaka ya kuuza alinufaika sana, wengi wa hao ndo yomani tunaowasoma, yaani wakulima wenye uwezo. Lodi naye akiona kipato chake kinaliwa na bei anapandisha ada ya kurithi, ile unayolipa mzee akifariki ukachukua shamba, ukishindwa ndo basi. Majirani wawili, mtoto wa mmoja anasomea sheria London, wa mwenzie anakuwa kibarua.

Alafu 1536 hadi 1540 mfalme Henry VIII akafunga nyumba za watawa karibu 800, ardhi yao ikaanza kuuzwa, wanasheria na maofisa wake wakajipatia.

Robert Kett wa Wymondham, Norfolk, alikuwa upande wa waliopanda, ana ardhi na biashara ya ngozi. Julai 1549 watu wenye hasira walienda kung'oa ua wa mwanasheria John Flowerdew, aliyezungushia malisho ya wote, yeye akawapa hela waende kung'oa ua wa Kett badala yake. Kett akawasikiliza, akakubali wana haki, akabomoa nao ua wake mwenyewe, kisha akawaongoza kurudi kwa Flowerdew! Nimelisoma mara nyingi tukio hili na bado linanigusa.

Wakapiga kambi Mousehold nje ya Norwich, inakadiriwa walifika 16,000, wakauteka mji. Jeshi la serikali likawavunja tarehe 27 Agosti, Desemba Kett akanyongwa kwenye ngome ya Norwich.

Madai yao 29 yapo mpaka leo. Walitaka kodi zirudi kama za 1485 na lodi asilishe mifugo kwenye malisho ya wananchi, na kuna moja naomba ulisome taratibu, kwamba watu wote waliofungwa kwenye utumwa wa ardhi waachwe huru, kwa sababu Mungu aliwaweka huru wote kwa damu yake.