Mtoto mwenye ualbino kitabuni: uliza anafanya nini

Tukipeleka maboksi ya vitabu vya ziada kwenye shule za msingi hapa Mwanza, walimu huuliza mapema: "Kuna chenye mtoto mwenye ualbino?" Wana haki ya kuuliza. Hii ni Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa na kuuawa kwa imani za kishirikina, na wazazi hawajasahau. Ila swali hilo linaishia njiani. Kuwemo tu kitabuni hakutoshi. Tazama huyo mtoto anafanya nini.

Hadithi za aina moja nimezishika mara nyingi. Mtoto mwenye ualbino amekaa peke yake chini ya mwembe, wenzake wanamkwepa. Ukurasa wa mwisho msichana mwema anampa andazi na mwalimu anasema tupendane. Siku moja niliisoma ya namna hiyo darasa la tatu, nikauliza nani angependa kuwa huyu wa chini ya mwembe. Hakuna mkono ulionyooka. Wote walitaka kuwa yule wa andazi. Tulikuwa tumewafundisha kumwonea mwenzao huruma, basi.

Sasa fikiria mtoto huyohuyo akiwa na kofia pana kwa ajili ya jua, anasogeza daftari karibu na pua kwa sababu haoni vizuri, na ndiye kinara wa kuiba dagaa wa bibi walioanikwa mwaloni, ufukweni kwa wavuvi. Anakamatwa. Anatamani ardhi immeze. Darasa zima linaijua aibu hiyo, na tayari limeshaingia moyoni mwake bila kuhubiriwa.

Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu huweza kuwa dirisha la kuwaona wengine, na pia kioo cha kujiona mwenyewe. Kwetu kinachokosekana zaidi ni kioo. Baba wa mtoto wa Ukerewe huvua dagaa usiku kwa taa, mchana amelala. Baba wa vitabuni huondoka asubuhi na mkoba kwenda ofisini. Na Msukuma akitokea, mara nyingi ni mshamba wa kuchekesha anayevunja Kiswahili. Watoto wa Kwimba na Magu, Wasukuma wenyewe, nao wanacheka. Kicheko hicho hunikera kuliko kitabu chenyewe.

Vitabu vya zamani vitakuwa na neno "zeruzeru". Usivifiche. Ukifika hapo simama, uliza darasa nani angependa kuitwa hivyo, kisha endelea kusoma. Lakini usiwe na haraka ya kusahihisha kila neno, kama "kiziwi": viziwi wenyewe wanacho Chama cha Viziwi Tanzania, na jina hilo wamelichagua wao.

Kabla ya kulipa, peleka kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali huwasumbua, kwa hiyo tafuta karatasi isiyong'aa na herufi kubwa, nyeusi, zenye nafasi. Hili tulijifunza kwa kukosea. Tulipeleka shuleni kitabu kizuri kuhusu msichana mwenye ualbino, kurasa zinametameta, herufi kama punje za ulezi. Darasani alikuwemo msichana kama huyo. Alikigeuza mara mbili, akakisogeza hadi kope zikagusa karatasi, kisha akampa jirani yake amsomee.