VPN haiungani? Angalia porti kwanza

Tangu Julai 2018, watumiaji wa mitandao ya kijamii Uganda walipoanza kutozwa shilingi 200 kwa siku (kodi iliyofutwa 2021), VPN, yaani njia ya siri inayopitisha mawasiliano yako kwa usimbaji hadi seva nyingine, imeenea mno, kwa kuwa wengi waliitumia kuikwepa kodi hiyo. Lakini wengi wanaofika kwenye dawati letu la TEHAMA ni wahasibu na watafiti walioko Gulu au Mbarara, wanaotaka kuingia kwenye seva ya ofisi Kampala huku programu ikizunguka tu bila kuungana. Jaribu laini ya mtandao mwingine. Ikiungana huko, mtoa huduma wako wa kwanza huenda anaizuia.

Mara nyingi kinachozuiwa ni namba ya porti, yaani mlango ambao programu hutumia kuwasiliana mtandaoni. Kati ya aina za VPN, OpenVPN huja ikiwa imewekwa 1194, WireGuard kwa mazoea hutumia 51820, na IPsec hutegemea 500 na 4500, zote za UDP, njia ya kutuma data bila kuhakikisha imefika. Kila fundi wa mtandao anazijua, na kuzifunga ni kazi ya mistari michache ya amri.

Ndiyo maana tunashauri 443. Hiyo ni porti ya tovuti za https, zikiwemo za benki, na mtoa huduma akiifunga yote atakosana na wateja wake siku hiyo hiyo. Kwenye faili la mipangilio la seva ya OpenVPN, andika `port 443` badala ya `port 1194`, fungua porti hiyo kwenye faiawali (ukuta wa ulinzi wa seva), kisha rekebisha simu na kompyuta za wafanyakazi zifuate.

Anza na UDP 443, ambayo tovuti nyingi za kisasa huitumia kupitia QUIC, njia mpya ya kupakia kurasa. Ikikataa, weka `proto tcp` ili itumie TCP, njia inayohakikisha kila kipande cha data (pakiti) kimefika, mradi hakuna tovuti inayotumia porti hiyo kwenye seva hiyo. TCP ndani ya TCP ina adha: mtandao ukiyumba na pakiti zikapotea, zote mbili hutuma upya, na kasi huporomoka. WireGuard yenyewe haina TCP.

Mtoa huduma mwenye vifaa vya kukagua pakiti kwa undani huitambua OpenVPN hata kwenye 443, kwa namna inavyosalimiana na seva. Hapo washa tls-crypt, mpangilio wa OpenVPN unaosimba salamu hizo, au ipitishe VPN ndani ya stunnel, programu inayoifunika kwa usimbaji kama wa tovuti za https.

Intaneti ikizimwa nchi nzima, kama wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, hakuna porti itakayokuokoa. Pakua mafaili unayoyahitaji mapema.